Damu Iliyogoma Kukata

Mpira wangu ulikuwa na urefu wa hatua kumi na moja. Nauzungumzia ule mpira mwembamba wa plastiki unaotoka kwenye mashine ya oksijeni na kuishia puani mwangu. Kutoka kitandani hadi mlango wa chumba zilikuwa hatua tatu, kutoka hapo hadi kwenye kochi nne, na kutoka kwenye kochi hadi choo cha ndani nne nyingine. Mlango wa mbele, ule wa kutokea barazani, ulikuwa hatua mbili zaidi. Nikifika kwenye kona ya kabati mpira ulinivuta pua, nami nikasimama hapohapo kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba, naangalia mwanga unaopenya chini ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

Tunakaa Kurasini, nyuma ya yadi za makontena, mahali ambapo malori hayapumziki. Zamani sikuyasikia. Tangu niwekwe ndani nilianza kuyasikia moja moja, lile linalorudi nyuma huku linalia pii pii, lile lililokwama kwenye kona, na dereva wake anayetukana. Nilimwonea wivu hata huyo dereva. Angalau yeye alikwama nje.

Sijawahi kuvuta sigara. Nalisema hili mapema kwa sababu kila aliyesikia kwamba nina mapafu mabovu aliniangalia vidole. Mimi nilikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, arobaini, popote watu walipokusanyika Temeke na wakataka kula pilau ya kueleweka, niliitwa mimi. Nilipika kwa kuni kwa zaidi ya miaka thelathini, nimeinama juu ya masufuria ambayo wanaume wawili ndio huyateleka, macho mekundu, kanga imenuka moshi hadi inafuliwa mara tatu. Mwenzetu akikwepa moshi tulimcheka tukamuuliza kama kaja kupika au kaja kuolewa. Nilipoanza kukohoa nilisema mafua. Nilipoanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu za baraza nilisema unene. Nilikuwa hodari sana wa kujipa majibu.

Siku niliyoanguka jikoni na miguu imevimba kama mihogo, binti yangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Ni mwanangu wa mwisho na ndiye pekee anayekaa nami. Wakati huo alikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha hapa hapa Kurasini, kazi aliyoitafuta kwa miaka mitatu. Tulipoingia kwa daktari, kijana mwenye miwani ambaye ningeweza kumzaa mama yake, nilitarajia aniambie habari za hewa. Akaniambia habari za damu.

"Mama, watu wanadhani mapafu ni mifuko ya hewa tu," alisema, huku anachora kwenye karatasi kitu kilichofanana na mti usio na majani. "Mapafu ni mishipa ya damu. Moshi umekula upande wa hewa, sawa, lakini hewa ikipungua, mishipa nayo inajibana. Ikijibana, moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Moyo ukichoka, ndiyo hiyo miguu."

Akaeleza pia kwamba mwili ukiona oksijeni haitoshi unatengeneza damu zaidi, na damu inakuwa nzito. Halafu akanitajia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, chembe sahani. Ni vipande vidogo mno ndani ya damu, akasema, na kazi yake ni kuziba penye jeraha. Ukijikata na kisu jikoni, ndizo zinazokimbilia pale na kushikana hadi damu ikate. Sasa kwangu mimi mishipa ya mapafu ilikuwa imechubuka kwa ndani, na zile chembe zikawa zinakimbia kuziba mahali pasipo na jeraha la kuziba. Bonge moja la damu lilikuwa tayari limekaa kwenye mshipa wa pafu la kulia.

"Kumbe ni kama wale wanaofika msibani na majamvi yao kabla mgonjwa hajafa," nikamwambia.

Daktari alicheka. Binti yangu hakucheka.

Tulirudi na mashine ya kuazima, mtungi mdogo wa akiba kwa siku umeme ukikatika, na vidonge. Vilikuwa vingi, lakini viwili ndivyo alivyovisisitiza: kimoja cha kuzuia damu isigande, na kingine cha kuzituliza chembe sahani zisishikane ovyo. Alisema nisiruke hata siku moja, nisianguke, nisijikate, na nisichomwe sindano na mtu yeyote kabla sijamwambia kwamba navitumia. Binti yangu alinunua kisanduku chenye vyumba saba, kila siku na chumba chake. Kila asubuhi alinipa, akasimama hadi nimeze, ndipo akavaa viatu na kuondoka.

Nilimwonea wivu. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwangalia mtoto wangu anajipaka mafuta mbele ya kioo, anafungua ule mlango kama vile si kitu, nami roho ikaniuma kana kwamba kaninyang'anya. Akirudi jioni na stori za ofisini, nilimjibu kwa mkato. Akininyamazia, nilimwambia amechoka kuniuguza. Aliyavumilia yote hayo. Nilikuwa mgonjwa mwenye mdomo, na sikutaka kupungukiwa vyote viwili, pumzi na mdomo.

Basi ikaja habari ya harusi. Mjukuu wa dada yangu anaolewa, Jumamosi, Tandika. Dada yangu amenizidi miaka saba na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuja Jumatatu kunipa taarifa, akakaa kwenye kochi, akanizungusha zungusha na habari za sare na za ukumbi, nami nikajua kuna kitu anakikwepa.

"Nani anapika?" nikamuuliza.

"Wamepata mtu. Wa Mbagala."

"Wa Mbagala yupi?"

"Humjui, mdogo wangu. Ni mtoto mtoto tu."

Katika ukoo wetu hakukuwa na bibi harusi aliyetoka nyumbani bila pilau yangu. Sikudai kupika, sikuwa mwendawazimu. Nilitaka nibebwe, niwekwe kwenye kiti uani, mbali na moshi, niangalie mchele unavyotiwa. Binti yangu nilimwomba jioni ile ile na alikataa kabla sijamaliza. Kule uani kutakuwa na moshi kila upande, mtungi wa akiba hautoshi siku nzima, miguu yangu bado imejaa. Alisema kweli tupu, na ndiyo iliyonikera. Nilipoteta naye, akasema, "Mama, ningeweza ningekupeleka kwa mgongo wangu." Nikamwambia asinitangazie mgongo wake.

Kesho yake dada alirudi mchana, binti akiwa kazini. Alinikuta nalia. Alivua ushungi, akakaa kitandani, akanishika mguu, kidole chake kikaacha shimo kwenye ngozi.

"Hebu niambie tena huyo daktari alisemaje."

Nikamweleza. Nilipofika penye damu nzito akainua mkono kunisimamisha.

"Sasa si ndiyo hiyo! Damu imekuwa nzito, inatakiwa itoke. We mwenyewe hujui? Mara ya mwisho umeumikwa lini?"

Huko nje wapo watakaodhani dada yangu ni mjinga. Sio. Sisi tumekua hivyo. Bibi yetu aliumikwa kwa pembe la ng'ombe, mama yetu vilevile, na siku hizi wenye taaluma hiyo wanatumia vikombe vya plastiki na glavu, na wengi wanaiita hijama. Mimi mwenyewe kila msimu wa harusi ulipoisha, mgongo umekufa kwa kuinama, nilikwenda nikachanjwa na kufyonzwa damu, na kesho yake niliamka mwepesi kama nimeazima mwili wa mtu mwingine. Hakuna aliyenisimulia hilo, mgongo wangu ulikuwa unakumbuka.

"Alhamisi ni tarehe kumi na saba ya mwezi mwandamo," dada akasema. "Ndiyo siku hasa ya kuumikwa. Itoke Alhamisi, Ijumaa upumzike, Jumamosi umekaa uani Tandika unawakaripia watu."

Alisema hivyo, nami nikajiona nimekaa pale. Niliuona mpaka mwiko.

Alhamisi asubuhi nilimeza vidonge vyangu mbele ya binti yangu kama kawaida, nikamtakia kazi njema. Nadhani alishangaa, maana nilisema kwa upole. Alipokwisha kuondoka nilikichukua kile kisanduku cha vyumba saba pamoja na paketi za dawa nikavisukuma chini ya mto. Sikujiambia kwa nini nafanya hivyo. Mkono ulifanya, kichwa kikageukia ukutani.

Mtaalamu aliyeletwa na dada alikuwa mwanamke wa makamo, msafi, mpole, na begi lake la vifaa limepangwa vizuri kuliko mabegi ya manesi wengi niliowaona. Aliposikia mashine inanguruma alisimama mlangoni.

"Shikamoo shangazi. Mbona hamkuniambia mgonjwa yuko kwenye oksijeni?"

"Marahaba mwanangu. Ni kifua tu," nikamjibu. "Usiiogope, haiumi."

Alikaa, akatoa daftari, akaniuliza maswali moja baada ya jingine. Sukari? Sina. Presha? Kidogo. Upungufu wa damu? Nikacheka, nikamwambia damu yangu imezidi. Kisha akaniangalia machoni.

"Kuna dawa yoyote unatumia ya kuyeyusha damu? Ya kuzuia isigande? Hapo shangazi usinifiche, kwa sababu kama unatumia mie nafunga begi langu naondoka."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali waziwazi kuliko lile. Dada yangu alidhani vidonge vyangu vyote ni vya kifua, hakujua, na sitamtwisha. Nilikuwa najua mimi peke yangu chumbani mle. Nilimwona yule mwanamke anafunga begi, anatoka, na mlango unafungwa nyuma yake, na Jumamosi inapita.

"Situmii," nikasema.

Aliniambia kwa hali yangu ataweka vikombe vinne tu, tena vidogo. Nikamgeuzia mgongo. Alivuta hewa kwa pampu, ngozi ikajaa ndani ya vikombe, akavitoa, akachanja vijichanjo vidogo kwa wembe mpya, akavirudisha. Sikusikia maumivu. Dada alikuwa ananisimulia kinachotoka: nyeusi, nzito, unaona mwenyewe, wewe ulikuwa umebeba lami. Mgongo ulikuwa unapata joto na mabega yalikuwa yanashuka. Nilifurahi. Naapa nilihema vizuri kwa dakika kadhaa, au nilidhani nahema vizuri, sijui tofauti yake.

Akatoa vikombe, akafuta, akabandika shashi. Kwa kawaida hapo ndipo shughuli inapoisha, mtu anavaa na kunywa maji ya asali. Nilisubiri aniambie nivae. Akafuta tena. Akabadilisha shashi. Akabadilisha tena. Nilisikia kitu cha vuguvugu kinashuka kiunoni, kinaingia kwenye mkunjo wa kanga.

"Lala kifudifudi, shangazi," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Siwezi kulala kifudifudi, nitakosa pumzi."

"Basi egemea hapa."

Nikaegemea bega la dada. Yule mama akakandamiza kwa viganja viwili. Dada akasema aende jikoni akalete kahawa ya unga ipakwe, mama yetu ndivyo alivyofanya. Mtaalamu akamjibu kwa ukali kwamba hakuna kupaka kitu. Alibana, akaachia, akatazama, akabana tena. Niliona pamba kwenye beseni imekuwa nyingi, na nikaanza kusikia baridi, mwezi wa kwanza Dar es Salaam, na feni imezimwa.

"Shangazi, nakuuliza mara ya pili. Nakuomba."

"Chini ya mto," nikasema.

Dada ndiye aliyeinua mto. Yule mwanamke hakuondoa mkono wake mgongoni kwangu, alimwambia dada amsomee majina kwenye paketi. Dada alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la pili. Majina mawili tu yalitosha.

"Umeniua," yule mwanamke akasema, si kwa hasira. "Shangazi umeniua mie na watoto wangu."

Dada alimpigia binti yangu. Hakuchelewa, ofisi yao haiko mbali. Aliingia anahema kuliko mimi, akatazama beseni, akanitazama. Alifungua mtungi wa akiba, akanivua mpira wa mashine akanivisha wa mtungi. Yule mtaalamu akasema ataendelea kukandamiza hadi hospitali, binti akamjibu, "Toa mkono, naweka wangu." Wakanitoa.

Nitasema ukweli wangu. Nilipovushwa kile kizingiti nilifurahi. Nimelowa damu, macho yanaingia giza, lakini jua lilinipiga usoni, nikaona baraza yangu, nikaona mama muuza vitumbua amesimama na kijiko mkononi, nikaona lori la kontena la bluu, na moyo wangu ukasema, huyoo, umetoka. Kwenye bajaji binti yangu alikaa nyuma yangu, kiganja chake kimebana mgongo wangu njia nzima. Nilikuwa nahesabu maduka, yeye alikuwa akimwambia dereva apite upande wa pili.

Yule daktari wa miwani alitukuta mapokezi. Baada ya kufunga majeraha kwa bandeji za kubana na kuniongezea damu, alikuja kukaa pembeni mwa kitanda. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba chembe sahani zangu alikuwa amezituliza yeye kwa dawa, makusudi, ili zisiliongeze lile bonge la pafuni, na mimi nikaenda kufungua majeraha kwa wembe wakati zimelazwa. Sasa inabidi dawa zisimame kwa siku chache majeraha yafunge. Na siku hizo chache hakuna kinachozuia bonge jingine.

"Kwa hiyo nikinywa natoka damu, nisiponywa inaganda," nikasema.

"Ndiyo, mama. Tuko katikati hapo."

Alisema tuko, lakini aliyekuwa katikati nilikuwa mimi. Siku tatu nililala ubavu mmoja, naogopa kukohoa. Kila nilipochomwa na kitu kifuani nilidhani ndilo hilo limefika. Jumamosi ikapita hivyo hivyo. Jumapili dada alikuja na kibakuli cha pilau ya harusi, amevimba macho, ananiomba radhi hadi wagonjwa wengine wakageuka. Nilionja kijiko kimoja. Ilikuwa pilau nzuri, bizari imekaa mahali pake, mchele umeachana. Nilimrudishia kibakuli nikasema nimeshiba.

Niliruhusiwa wiki iliyofuata. Dawa zilirudishwa, moja baada ya nyingine, na binti yangu akachukua likizo aliyokuwa anaidai. Ilipoisha akaomba ruhusa ya siku tano bila malipo. Zilipoisha akaomba nyingine. Sikuuliza. Dada alikuwa amejitolea kuja kukaa nami kila siku, lakini binti alimwambia, kwa heshima zote, "Mama mkubwa, wewe njoo kumsalimia. Kukaa naye hapana." Dada alinitazama, akachukua mkoba wake. Watu wengine waliopendekezwa, msichana wa kazi, jirani, mke wa kaka yake, wote aliwatafutia kasoro. Mwanzoni nilidhani hawaamini wao.

Akawa anaamka, anafagia, anapika uji, ananipa dawa, halafu anakaa. Anakaa tu, kwenye kochi, simu mkononi, na gauni la nyumbani. Malori yakipita nilimwona anainua kichwa na kusikiliza. Niliijua ile namna ya kusikiliza.

Jumatatu moja asubuhi bosi wake alipiga. Sikusikia maneno ya upande ule, nilisikia "ndiyo" zake tatu na "naomba nikupigie baada ya dakika kumi." Alikuja akakaa miguuni pangu.

"Mama, anasema kesho nirudi, ama anaweka mtu mwingine. Amenisubiri sana, simlaumu."

"Nenda," nikamwambia haraka. "Nenda mwanangu, mie naweza kukaa."

"Nataka kwenda. Nataka sana." Hapo sauti ilimtoka vibaya, akajikaza. "Niapie kitu kimoja. Niapie kwa Mungu kwamba hutarudia. Mtu yeyote akija akakwambia nitakutoa humu ndani, kwa dawa ya kienyeji, kwa wembe, kwa kitu chochote, utamwambia ukweli wote au utamwambia atoke. Niapie tu, mama. Nami kesho nakwenda kazini."

Lilikuwa jambo dogo. Wallahi moja, na mtoto wangu angefungua ule mlango kesho saa moja na nusu. Nilimdanganya mgeni bila kupepesa jicho, nikashindwaje kumridhisha aliyenibana damu kwa kiganja chake? Nilifungua mdomo. Nikamwona mtu anabisha hodi, sijui nani, na begi lake, anasema shangazi, mimi naweza kukusimamisha. Nikajiona ninavyogeuka na kumpa mgongo auchanje.

Sikuapa. Alinitazama usoni muda mrefu, na naamini alikuwa ameshalijua jibu tangu siku ile ya beseni. Kisha akanifunika miguu vizuri na shuka, akachukua simu, akampigia bosi wake nikisikia, akamwambia aweke mtu mwingine.